Kaburi Mbele ya Mstari

Wakiuru hajui kukaa. Ukimpa kiti hapa hotelini kwangu anakishika mgongo, anakisogeza, anakipangusa na leso, halafu anaenda kusimama mlangoni kutazama barabara, na hakuna mtu anayemngoja. Namwambia, "Mama Shiku, keti basi, wateja watasema nimekunyima kiti." Ananijibu, "Niko sawa, Ngendo," na chai anaimaliza akiwa amesimama. Nimezoea, lakini bado inanikera.

Mimi ndiye Ngendo. Kama umewahi kushuka Mukurweini ukiwa na njaa, kuna uwezekano mkubwa umekula chapati yangu. Sina mume, sina mtoto, nina mdomo. Watu ndio wasemao hivyo, na mimi sikatai. Wakiuru ni mke wa marehemu kaka yangu Gatimu, na tangu arudi kutoka Pwani anaishi kwangu, chumba cha nyuma, karibu na ng'ombe.

Mambo yenyewe ni haya. Gatimu amezikwa kule Pwani, kusini ya Likoni, kwenye kipande cha ardhi alichonunua mwenyewe pale bahari inapoingiza mkono wake nchi kavu, wao wanapaita horini. Wakiuru amekuwa na ombi moja tu hapa duniani: siku yake ikifika alazwe kando ya bwana wake. Nyumba hakuomba, gari hakuomba. Sasa serikali ya kaunti ya huko imechora mstari kwa sababu ya bahari inayopanda, na Gatimu akajikuta upande mbaya.

Habari ililetwa na simu ya Mwanamisi, jirani yao wa huko, mama wa Kidigo ambaye amekaa na Wakiuru ua kwa ua tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Nilikuwa nakanda unga, nikasikia ile sauti yake ya taratibu ikitoka kwenye spika: "Mama Shiku, wamekuja watu wa kaunti. Wamepaka minazi rangi nyekundu. Mumeo yuko upande wa bahari, dada yangu."

Wakiuru alitoka nje, akaenda mpaka pale boda boda hukaa, akarudi, akaenda tena. Mara ya tatu nikamwita kwa hasira, maana chapati zilikuwa zinaungua na mimi macho yangu yalikuwa kwake.

Ili uelewe uchungu wake lazima nikueleze kwetu shamba hugawanywa vipi. Huku matutani kipande cha mtu huanzia barabarani juu, kinashuka na kahawa, kinashuka na migomba, mpaka chini mtoni kwenye nduma. Shamba lisilogusa maji halijakamilika. Baba alipofariki, kaka yetu mkubwa Mwai alichukua kila kitu, kutoka juu hadi chini. Gatimu alikuwa fundi wa mawe. Mwai akamwambia mbele ya watu, kwenye gate, "Wewe Mungu amekupa mikono. Kula kwa hiyo mikono." Gatimu aliomba apewe japo mahali pa kusimamisha nyumba. Mwai akafunga gate.

Nilikuwepo. Nilimwona Gatimu akishika lile bati la gate kwa mkono wazi na kusema, "Mwai, hata nikiwa maiti sitapita hapa." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningesema ni hasira ya siku moja.

Wakiuru alikuwa ameolewa juzi juzi tu. Ni msichana wa Kangari, amezaliwa kwenye majani chai, amebeba kikapu mgongoni kabla hajajua kusoma. Mwingine angerudi kwa mama yake. Yeye alifunga nguo kwenye shuka, akabeba sufuria kichwani, akamfuata bwana wake mpaka mahali ambapo watu hawali mukimo. Alipofika aliniandikia kwamba huko jua linapiga hata ukiwa chini ya mti, na kwamba maji ni mengi lakini hayanyweki. Nilicheka, halafu nikalia.

Gatimu alijenga nyumba za watu miaka mingi, kisha akapata ardhi yake. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Mwenye kuuza alikuwa mzee muungwana, alimwonyesha kipande cha juu, karibu na barabara na kisima. Gatimu akasema hapana, anataka kinachoshuka mpaka majini. Mzee akamuuliza, "Kule chini wataka kulima nini?" Kaka yangu akaona anataka kunyimwa sehemu nzuri, kama alivyonyimwa nyumbani. Akalipia kile cha chini na akafurahi kabisa. Kisha akachukua matoka kutoka huku, yale maua ya majani mapana tunayopanda mpakani ili mtu asimle mwenzake shamba, akayapanda pande zote nne. Ndiyo, hata upande wa bahari! Aliiwekea bahari mpaka! Mwanamisi anasema walimtazama wakadhani ni dawa.

Usimcheke sana. Mto wetu haujawahi kuhama. Mtu aliyekua akiuona mto uko palepale kila asubuhi atajuaje kwamba kuna maji yanayotembea?

Waliishi vizuri. Wakiuru alikuwa akipanda huku kuja kuchukua ndizi na viazi, anashuka kuziuza kule, anapanda tena. Shiku, mtoto wao wa pekee, alizaliwa katikati ya safari moja, hapo Sagana, na mpaka leo anaishi Sagana na bwana yake. Gatimu alimwambia mkewe mara nyingi, "Wewe una miguu ya kukodisha." Walipendana, wale watu. Nasema hivyo wazi kwa sababu mimi niliona ndoa nyingi na ile ndiyo pekee niliyoionea wivu.

Kisha pressure ikampiga Gatimu akiwa juu ya ngazi. Tulimzika hapo hapo kwenye ardhi yake, kati ya nyumba na maji, chini ya saruji aliyokuwa amebakisha mwenyewe. Mwai hakuja. Wakiuru alisimama kando ya kaburi, akapima kwa mguu, akaniambia, "Na mimi ni hapa, Ngendo. Usiwaache wanipeleke kwingine." Nikaahidi.

Bahari haikuanza na kaburi. Ilianza na matoka ya upande wake, ikayang'oa. Ikafuata mnazi. Ikafuata jikoni, na siku ambayo jikoni liliondoka Wakiuru alikuwa sokoni, akarudi akakuta mafiga yako ndani ya maji. Kisima cha Mwanamisi nacho kikawa cha chumvi. Watu wengine walivuta nyumba zao juu kidogo kidogo. Wakiuru angevuta kaburi vipi?

Akaja huku mbio. Sikujua anataka nini. Nikamkuta kwenye shamba langu anakata thara, yale majani marefu ya ng'ombe, anayafunga vipande vipande ndani ya gunia. "Ng'ombe wa nani?" nikamuuliza. "Ya kuzuia udongo," akasema. "Udongo wa wapi?" "Wa Gatimu."

Alisafiri na lile gunia mpaka Pwani. Huko akachimba mtaro juu ya ufuo, udongo akautupa upande wa juu vile tulivyofundishwa na watu wa kilimo, akapanda thara kwa mistari. Matuta safi, ya kupewa zawadi kwenye maonyesho ya kilimo Nyeri. Mwanamisi alikaa chini akacheka mpaka mtandio ukaanguka. "Mama Shiku, haya maji hayateremki mlimani. Haya yaja yakikutazama usoni!" Maji ya bamvua yalipokuja, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalisawazisha kila kitu, na thara iliyobaki ikaiva kwa chumvi ikawa ya manjano. Alirudia tena. Alirudia mpaka nikamkataza kukata majani yangu, na tukanuniana.

Alikuwa amekwisha kuhamia kwangu, chumba cha nyuma, ndipo ikaja ile simu ya rangi nyekundu. Kaunti iliita watu wote wenye ardhi horini waje kutoa maoni, na mimi nilifunga hoteli nikaenda naye. Mtu kama Wakiuru humwachi peke yake na watu wa serikali, atasema ndiyo ili apate kuondoka.

Mkutano ulikuwa chini ya hema, uwanja wa shule. Aliyesimama kusema alikuwa msichana mmoja wa mipango, anaitwa Karimi. Kumbe ni wa Meru! Nilipomsikia akivuta maneno nilimgusa Wakiuru kiunoni: "Huyu ni wa mlima wetu." Karimi alikuwa na ramani kubwa iliyoning'inizwa kwenye goli la mpira, na upepo ulikuwa unaipiga, anasema huku anaishikilia kwa kiwiko.

Alisema bahari inapanda, si kwa mkupuo, ni polepole, lakini kila bamvua inafika mbali kuliko ya zamani. Alisema kaunti haina uwezo wa kujenga ukuta pwani nzima, na hata ingekuwa nao isingejenga. "Ukuta wa ile hoteli ya ng'ambo mmeuona. Maji yakigonga pale hayapotei. Yanakuja kwenu." Watu wakaguna, maana ni kweli. Ukuta utawekwa penye zahanati na penye gati, basi. Kwingine watu watarudi nyuma na mikoko itaachiwa nafasi ipande juu pamoja na maji, kwa kuwa mikoko ikibanwa kati ya bahari na nyumba za watu inakufa, na ikifa hakuna wa kuyavunja mawimbi. Mbele ya mstari mwekundu hakuna nyumba mpya, hakuna choo, hakuna kisima, hakuna kaburi jipya. Na makaburi ya zamani yote yatahamishiwa juu.

Hapo hema lilichemka. Wazee wa Kidigo walisimama, wanawake walisimama, mtu mmoja akauliza ni nani atakayemgusa babu yake na koleo la serikali. Karimi hakubisha. Alisikiliza, jasho linamtiririka, akaandika, akasikiliza tena. Nilimpenda kwa hilo, ingawa nilikuwa nimeenda na maneno ya kumtukana.

Wakiuru akanyoosha mkono.

"Huo mstari yenyu ni ya mpaka lini?"

"Tumeupigia hesabu ya wajukuu wenu, shosho," Karimi akasema, akimwita bibi kwa lugha ya kwetu.

"Na wajukuu wakizeeka?"

"Utachorwa tena."

"Wapi?"

Karimi angeweza kudanganya. "Juu zaidi," akasema.

"Kwa hivyo mkimtoa bwana yangu mkampeleka huko juu, anaweza kutolewa tena."

"Inawezekana, shosho. Siwezi kukuahidi kitu ambacho bahari haijaniambia."

Wakiuru akashukuru, akatoka nje ya hema, akaanza kutembea kwenye ule mchanga. Mimi nilibaki na aibu na uchungu kwa pamoja.

Ule mpango ulibadilishwa baada ya kelele za watu. Mkutano wa pili ulipokuja, Karimi alisema kila familia itachagua yenyewe: anayetaka kuhamisha mtu wake, kaunti itasaidia kwa kibali na kazi; anayetaka kumwacha, atamwacha, ila ajue hakuna atakayezuia maji pale. Waamue kabla mikoko haijaanza kupandwa, mvua za masika. Jambo la kaburi jipya halikubadilika. Mbele ya mstari hakuna.

Yaani ombi la Wakiuru la kulala kando ya Gatimu lilikuwa limekufa, isipokuwa Gatimu ahame.

Nikamwambia, "Tumlete nyumbani."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Aliapa."

"Aliapa kuhusu Mwai. Mimi niko na kipande yangu."

Na ni kweli, ninacho. Sheria iliposema binti naye ni mtoto, nilienda kwa wazee nikakaa hapo mpaka wakachoka nami, na Mwai akanikatia ukanda kutoka barabarani hadi mtoni, amekunja uso. Nilimpigia Gatimu simu siku hiyo nikamwambia njoo tugawane. Akacheka. "Kula wewe, Ngendo. Mimi nimeshiba bahari." Lakini mtu aliye hai huweza kujivuna. Maiti anahitaji udongo unaokaa mahali pamoja.

Hayo nilimwambia Wakiuru asubuhi, nikamwambia jioni, nikamwambia akikamua ng'ombe. Alikuwa halali vizuri, anakonda, anafunga mkoba anafungua. Nguo zake zilikuwa kwenye mkoba hata zikiwa safi. Anaenda kwa Shiku Sagana anarudi siku hiyo hiyo. Shiku naye akampigia magoti: "Mami, tulete Baba, nitakuwa nakuja kumwona." Mwishowe akasema haya. Hakusema ndiyo, alisema "haya", na mimi niliichukua kama ndiyo.

Nilisafisha mahali. Ni pazuri, chini ya migomba kidogo, ukisimama unaona mlima, mawingu yakiwa yametoka. Nilipanga njia ya kupitia upande wangu, kwa barabara, ili jeneza lisikaribie gate ya Mwai. Ona vile nilifikiria kila kitu! Na nikaona ni haki nimwambie Mwai, kwa kuwa ni ndugu yake na amezeeka, sukari imemla miguu. Nilimkuta amekaa nje na blanketi, Julai ile ya baridi. Alisikiliza akiwa ameinama. "Mlete," akasema. "Mlete tu." Macho yake yalilowa. Nilirudi hotelini nikiwa mwepesi, nikaimba jikoni mpaka wateja wakauliza kama nimepata mchumba.

Kibali kikatoka. Tukashuka, mimi na Wakiuru. Vijana wa kaunti walikuwa na koleo na mitaimbo, afisa wa afya alikuwepo na glavu zake, na Karimi alikuja mwenyewe ingawa haikuwa lazima. Mwanamisi alileta mkeka na kahawa. Maji yalikuwa yametoka, matope yako wazi, na kutoka mwisho wa saruji ya Gatimu mpaka pale mawimbi hufika hapakuwa hata na urefu wa ukumbi wa hoteli yangu. Nilishtuka. Nilifikiri nilijua hali ilivyo.

Vijana wakapasua saruji. Ile ilikuwa saruji ya Gatimu mwenyewe, iliwatesa. Mmoja akasema, "Huyu mzee alikuwa fundi kweli," na Wakiuru akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Wakaanza kutoa mchanga. Ulikuwa umelowa kabla hata hawajaenda chini sana, maji yalikuwa yakija kwa chini kwa chini. Wakiuru alikuwa akizunguka lile shimo, anazunguka tu, leso mkononi.

Ndipo simu yangu ikalia. Alikuwa Mwai. Nikaiweka kwa spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kahawa, na nisamehe Mungu, nilitaka Wakiuru asikie ndugu mtu akisema neno zuri.

"Ngendo," Mwai akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha, nasema kweli, ilikuwa na furaha ya mtoto. "Ati mnampitisha kwa barabara kama mgeni? Hapana. Nimeita vijana, wamechimba hapa kwangu, hapa juu karibu na nyumba. Nimefungua gate. Nimeitoa kabisa, hiyo bati, tumeitupa. Apite hapa kama mtu wa nyumbani. Nafasi ni kubwa."

Nikaanza kulia. Nilikuwa nimengoja hayo maneno tangu nikiwa msichana. Nikasema, "Asante, Mwai, asante kaka yangu," nikageuka nimwonyeshe Wakiuru uso wangu wa furaha.

Wakiuru alikuwa amesimama. Hakuzunguka tena.

"Nafasi ni kubwa," akasema polepole. "Sasa nafasi ni kubwa."

"Mama Shiku, amebadilika. Umemsikia mwenyewe—"

"Gatimu alisimama kwa hiyo gate akiwa na mikono na miguu, akiomba pahali ya kuweka nyumba ya mabati. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilikuwa na nguo moja. Huyo mtu akafunga." Akapanguza mdomo. "Sasa Gatimu ni mifupa, ndio amefunguliwa? Mifupa haiitishi shamba, Ngendo. Mifupa haina watoto wa kulisha. Kila mtu ako na nafasi ya mifupa."

"Basi tumpeleke kwangu! Nilisema kwangu!"

"Na yule mzee nitamzuia? Amechimba. Amelia. Tukifika na jeneza watasimama wote kwa barabara na kanisa na mapastor, watasema mama, samehe, mpitishe hapa. Na mimi nitachoka, nitasema haya. Unanijua. Mimi husema haya."

Na kweli namjua.

Akawageukia wale vijana. "Funikeni."

Wakamtazama Karimi. Karimi akasogea mpaka karibu, akamshika kiganja. "Shosho, nisikize. Tukifunika leo, mikoko itapandwa hapa, na labda itashika mchanga miaka kadhaa. Labda. Lakini maji yatafika. Mimi ndiye nilipima. Yatafika kwake, na sitakuwa na mtu wa kutuma kuja kumtoa."

"Najua."

"Na wewe hutaweza kuzikwa hapa. Hilo siwezi kulibadilisha hata nikitaka. Uko tayari kumwacha peke yake?"

Hapo Wakiuru alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, vile wanawake wa kwetu hatulii mbele ya watu. Mwanamisi akamkumbatia kwa nyuma, akawa anamwambia, "Hatakuwa peke yake, dada. Mama yangu yupo pale, na dada zangu wawili wapo pale, nasi tumewaacha. Watakuwa pamoja." Na Wakiuru akasema kati ya kilio, "Bahari haikumfukuza. Imekuja kumchukua. Wacha imchukue, ni yeye aliichagua."

Wakafunika. Mimi nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia maneno makali pale ufuoni. Nilimwambia ametupa mume wake kwa sababu ya kiburi cha mtu aliyekufa, na kwamba Mwai atakufa na huo uchungu, na kwamba mimi nimesafisha mahali bure. Njia yote ya kurudi hatukusemezana, na tulipofika Mukurweini nilishuka nikamwachia mzigo wake abebe mwenyewe.

Nilienda kumwambia Mwai. Nilikuta lile shimo kando ya nyumba yake, limechimbwa vizuri, na mahali pa gate pako wazi, nguzo mbili tu. Aliuliza, "Alisema nini?" Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia kila neno. Aliitikia kwa kichwa, akaomba asaidiwe kuingia ndani, na kesho yake vijana wakalijaza lile shimo.

Mikoko ilipandwa masika. Mwanamisi alituma picha, vijiti vidogo vidogo vyenye majani mawili matatu, vimesimama kwenye matope mpaka kwenye saruji iliyopasuka. Wakiuru aliiangalia ile picha akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia simu, akaniambia kitu kuhusu ng'ombe. Tulikuwa tumeanza kusemezana, lakini mambo ya ng'ombe na unga tu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nashuka shambani na jembe. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, na pale nilipokuwa nimesafisha chini ya migomba magugu yalikuwa yameanza kurudi. Niliona heri nipande maharagwe, ardhi isikae bure. Nikasikia hatua nyuma yangu. Wakiuru alikuwa ameteremka kunifuata, amelowa umande mpaka magotini.

"Hapo usipande," akasema.

"Kwa nini nisipande? Gatimu si umemwacha kwake?"

"Gatimu ako kwake. Niwekee mimi."

Nilisimama na jembe. Hasira yote niliyokuwa nimebeba tangu ufuoni ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa. Alikuwa amempa bwana wake kile alichotaka bwana wake, na kwa hilo alikuwa amepoteza kile kitu kimoja alichoomba yeye, na alikuja kuniomba mimi, mimi niliyemtukana, nusu ya mahali pale.

"Mama Shiku," nikasema, "nilikuwa nimesafisha nafasi ya watu wawili."

Aliipima kwa macho, kutoka migomba hadi mwisho, akainama akang'oa gugu.

"Basi hiyo ingine ni yako," akasema. "Wewe pia huna mtu."